Bluu ni Mimi, Nyekundu ni Zena

Siku ya kuniaga, nyie vijana wa chumba cha uchapaji mlinipa saa ya ukutani, blanketi na daftari kubwa la jalada gumu. Saa imeshasimama. Blanketi amelichukua dada yangu. Daftari ndilo hili. Mliniomba niandike niliyoyaona kazini, na mkaongeza, kwa ile adabu yenu, kwamba nisiwachoshe na habari za vyeo. Hamkuwa na haja ya kusema. Vyeo nilivyovipata vinaenea kwenye mstari mmoja na nafasi inabaki.

Nilizaliwa Kintinku, baba akiwa kwenye gengi la reli, na taipu nilifundishwa na masista kwenye mashine ambayo herufi yake ya k ilikuwa imechoka. Mpaka leo kidole changu kinaipiga k kwa ukali kuliko herufi nyingine zote. Nilifika Singida mjini miaka michache baada ya uhuru, nina umri wa miaka kumi na tisa, sanduku la bati mkononi na barua ya kazi nimeificha kwenye blauzi ili upepo usiniibie. Ofisi ya elimu ya watu wazima niliyopangiwa ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mwisho, kilichonuka wino na mafuta ya taa, kilikuwa cha Mzee Salum.

Mzee Salum alikuwa mtu mfupi kutoka Manyoni, mwenye kofia ya kiua nyeupe ambayo sikuwahi kuiona na doa, ingawa kucha zake zilikuwa nyeusi kwa wino mwaka mzima. Nilimpa barua yangu. Hakuitazama. Alitazama mikono yangu.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Asubuhi umekula nini?"

"Mihogo ya kukaanga, mzee."

"Nenda kanawe. Ukirudi, unawe tena."

Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya wiki ya kwanza: kunawa, kukaa, kutazama. Nilimwandikia mama kwamba serikali imeniajiri kuosha mikono. Baadaye nilielewa. Stensili, kwa nyie mliozaliwa na kompyuta, ni karatasi nyororo iliyopakwa nta. Unautoa utepe wa wino kwenye taipureta, unapiga herufi kavu, na kila herufi inakata nta na kuacha tundu la umbo lake. Kisha unaivisha karatasi hiyo kwenye silinda ya mashine ya kurudufu, unazungusha mkono wa mashine, wino unapenya kwenye matundu, nakala zinatoka. Ukigusa stensili kwa kidole chenye mafuta ya mihogo, alama yako ya kidole inakwenda vijiji vyote. Ukipiga herufi kwa woga, wino haupiti. Ukipiga kwa hasira, tumbo la o linadondoka na kila o inakuwa doa jeusi. Nilipogombana na mchumba wangu wa kwanza, kijitabu kizima cha ufugaji wa kuku kilitoka na o zilizojaa, na Mzee Salum akaniuliza kwa upole kama yule kijana ameshaondoka au bado yupo.

Kosa lilifutwa kwa dawa ya kusahihishia, kimiminika chekundu chenye brashi ndogo, kilichofanana kabisa na rangi ya kucha. Wanawake wawili wa kanisani kwetu walikuja kunionya juu ya anasa kwa sababu ya dawa hiyo. Niliwapaka kidogo wajaribu. Haikutoka kwa siku tatu.

Vikaja vijiji vya ujamaa, na kisomo kikaingia kila mahali. Watu waliohamia vijijini walikaa kwenye mabenchi ya miti saa kumi alasiri, mama na mtoto mgongoni, mzee na fimbo yake, wakajifunza a, e, i. Walipojua kusoma wakataka cha kusoma, na cha kusoma kilitoka chumbani kwetu. Nilichapa mahindi, nilichapa pamba, nilichapa josho la ng'ombe. Choo nilikichapa kwa namna zote zinazowezekana: choo cha shimo, faida za choo, choo na mtoto mdogo.

Ofisi yetu ilikuwa na sheria moja niliyoipenda kuliko zote, na ninasikitika kwamba nyie hamnayo. Kitabu chochote, kabla ya kuchapwa kwa wingi, kilipitishwa darasani. Tulitoa nakala ishirini tu, nikapanda nazo lori, nikazipeleka kwenye darasa la kisomo, na wanafunzi wakasoma kwa sauti mmoja baada ya mwingine mimi nikiwa nimekaa na kalamu. Msomaji akikwama, naweka alama. Watu wakisinzia, naweka alama kubwa. Kisichopita darasani hakikurudi kwenye mashine, hata kingekuwa kimeandikwa na nani. Siku moja Shelui, baada ya kusoma kijitabu cha choo hadi mwisho, mzee mmoja alinyosha mkono.

"Binti, huko mjini hamna kitabu ambacho hakuna mtu anayechimba choo?"

Darasa zima lilicheka. Mimi nilimpelekea afisa wetu maneno hayo kama yalivyo. Akakuna kidevu, akasema nikiona hadithi nzuri nimletee.

Haikupita miezi miwili, akaingia Rehema.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba, vumbi la njia limempaka hadi kwenye nyusi. Alikuwa amepanda lori la kuku kutoka kijiji kimoja cha ujamaa nje kidogo ya Iguguno. Jina la kijiji sitaliandika, wenyewe wanajijua. Kwapani alikuwa na kitu amekiviringisha kwa kanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu. Umeleta barua ya mratibu?"

"Hapana, dada. Nimeleta kitabu."

"Kitabu cha nani?"

"Changu."

Nilidhani amekuja kurudisha kitabu alichoazimwa. Akafungua kanga, yakatoka madaftari manne yaliyojaa hadi kwenye jalada la nyuma. Alikuwa amemaliza darasa la saba, akafaulu vizuri, lakini nafasi za sekondari zilikuwa chache na hakuchaguliwa. Kijijini kwao alikuwa akimsaidia mwalimu wa kisomo. Mwalimu huyo alipohamishwa, darasa likabaki mikononi mwake, huku mwenyekiti wa kijiji akinung'unika. Usomi wake wote ulikuwa umebaki kwenye vitu viwili: darasa lile na madaftari yale.

Niliyasoma wakati wa chakula cha mchana na chakula sikula. Aya moja aliandika maisha yake mwenyewe: familia ilivyolihama tembe lao la zamani, ile nyumba ya paa la udongo, bibi alivyogoma kutoka, siku majina ya waliochaguliwa yaliposomwa na la kwake likakosekana. Aya iliyofuata ilikuwa ya msichana mwingine wa kubuni, Zena, wa umri wake, kijiji kama chao, lakini Zena hakuwa mtu wa kukaa kimya. Rehema akinyimwa kitu kwenye maisha, Zena alikidai kwenye hadithi. Rehema akilia, Zena alipanda juu ya lori na kuhutubia watu. Yalikwenda hivyo mpaka mwisho, aya kwa aya, kama wasichana wawili wanaotwanga kinu kimoja. Na wote wawili walijiita "mimi". Kilichowatofautisha ni wino tu. Ndani ya daftari la kwanza kulikuwa na kikaratasi: "Bluu ni mimi, nyekundu ni Zena." Kalamu nyekundu ilikuwa ile ya kusahihishia ya mwalimu aliyehamishwa.

Sentensi ya mwisho ya kitabu kizima ilikuwa nyekundu: "Na kitabu changu kikasomwa Iguguno, kikasomwa Shelui, kikasomwa hadi Manyoni." Nilipofika hapo nilifurahi mpaka nikampigia kelele Mzee Salum aje asome.

Afisa alikubali kipitishwe darasani, na darasa liwe la kijijini kwao Rehema. Nikakata stensili siku nne. Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu hii. Kikaratasi kile nilikisoma. Nilikielewa. Nikakaa kwenye taipureta na kupiga kitabu chote mfululizo, aya ya Rehema, aya ya Zena, bluu na nyekundu kwenye stensili moja, kikatoka chote cheusi. Mtu aliyekaa na stensili miaka saba haoni rangi. Anaona herufi na nafasi. Mzee Salum hakuona, afisa hakuona, na mimi niliyesoma kikaratasi sikuona.

Jumamosi nilipanda lori na nakala zangu ishirini. Darasa lilikuwa mbele ya ghala la kijiji, na siku hiyo walifurika kwa sababu mtoto wao ameandika kitabu. Baba yake Rehema alivaa koti. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kitundu, mtu mrefu mwenye ndevu za mvi na sauti ya kuswagia ng'ombe, aliletewa kiti chake mwenyewe kutoka nyumbani. Yeye naye alikuwa kwenye orodha ya kisomo, ila alikuwa akikaa nyuma kabisa na mara nyingi alikuwa na shughuli nyingine.

Alianza kusoma Mama Shabani, mwanamke mnene mchangamfu, aliyesoma huku kidole kikitembea chini ya neno. Watu walicheka panapochekesha na kuguna panapouma. Sikuweka alama hata moja. Kisha tukafika kwenye habari za maji. Bluu ya Rehema ilieleza ukweli: wapimaji walikuja, wakapiga vigingi, kisima kikachimbwa na kuwekwa pampu, na pampu hiyo kweli ilikuwa hatua chache kutoka kwenye boma la mwenyekiti, kwa sababu maji yalipatikana hapo. Aya iliyofuata ilikuwa nyekundu ya Zena. Lakini kwenye karatasi ya Mama Shabani ilikuwa nyeusi kama nyingine.

"Al-fa-jiri," akasoma, "ni-li-mwo-na mwe-nye-ki-ti a-ki-ng'o-a vi-gi-ngi... akivihamishia karibu na boma lake."

Kichwa kimoja kikageuka kuangalia pampu, kingine, kisha vyote. Mama Shabani akafunika mdomo.

Mzee Kitundu alisimama polepole. "Nani ameandika hayo?"

"Mimi, mwenyekiti," Rehema akasema. "Lakini hiyo siyo wewe. Hiyo ni hadithi. Niliiandika kwa wino mwekundu."

Mwenyekiti akachukua nakala moja, akaigeuza huku na huku. "Wekundu uko wapi? Nionyeshe, mwanangu. Nionyeshe wekundu."

Rehema alipekua kurasa, kisha akainua macho, akanitazama. Kila mtu akanitazama. Na mimi, mtu wa ofisi, niliyetoka mjini na mfuko wa ngozi, niliyeambiwa na kikaratasi, nilitazama viatu vyangu. Nimewahi kukosea mambo mengi maishani, lakini hilo ndilo linalonichoma mpaka leo nikiwa peke yangu nachambua mchicha.

Mzee Kitundu akakusanya nakala zote ishirini kwa mikono yake. Akatangaza kwamba Jumamosi inayofuata utakuwepo mkutano wa kijiji, madaftari yaletwe kutoka ofisini, yachomwe mbele ya watu, na Rehema asikanyage tena darasa la kisomo. Baba yake alivua koti, akalikunja, akaondoka bila kuaga.

Rehema alinisindikiza hadi barabarani kusubiri lori. Alinibebea mfuko, jambo lililonizidishia aibu.

"Dada, ulisoma kikaratasi?"

"Nilisoma."

"Basi," akasema. Akapangusa uso kwa kanga. "Sekondari nilikosa nikasema sawa, nina darasa, nina kitabu. Sasa nikikosa na hivyo, nitakuwa na nini?"

Lori likaja.

Jumatatu asubuhi nilimweleza Mzee Salum kila kitu, hata lile la kutazama viatu. Alinisikiliza huku akipangusa mashine kwa kitambaa, mpaka nikamaliza. Nilitegemea anifokee. Aliuliza tu, "Ile rangi ya Saba Saba ilibaki?"

Ilibaki. Kila mwaka tulichapa matangazo ya sikukuu ya wakulima kwa wino mwekundu, na mirija miwili ilikuwa bado kabatini. Lakini kuweka wino mwekundu kwenye silinda iliyozoea mweusi siyo mchezo. Lazima uifungue yote, uioshe kwa mafuta ya taa, uikaushe, uioshe tena, maana tone moja la mweusi likibaki, wekundu wako unakuwa rangi ya tope. Mzee Salum aliichukia kazi hiyo kama watu wanavyochukia kung'oa jino. Na kwa kitabu cha rangi mbili, kila ukurasa ulihitaji stensili mbili: moja ya bluu, ambayo kwetu ingetoka nyeusi, yenye mapengo pale Zena anaposema, na nyingine ya nyekundu yenye mapengo pale Rehema anaposema. Karatasi ipite mashinini mara mbili, na maneno ya pili yaangukie kwenye mapengo ya kwanza bila kukanyaga mstari. Kurasa zilikuwa ishirini na nane. Mkutano ulikuwa Jumamosi.

Sijawahi kufanya kazi vile kabla wala baada. Jumatatu hadi Jumatano nilipiga taipu bila kuinua kichwa, madaftari manne yakiwa yamesimamishwa mbele yangu kwa tofali. Nilihesabu mistari kwa kiberiti: njiti moja kwa kila mstari wa pengo. Hakuna o hata moja iliyodondoka, maana sikuwa na hasira, nilikuwa na nia. Alhamisi tulitoa weusi wote. Alhamisi hiyo hiyo mchana Mzee Salum alivua kofia yake, mara ya kwanza nimeona kichwa chake, akaifungua mashine na kuiosha hadi mafuta ya mwisho yakatoka safi. Ijumaa asubuhi aligundisha kipande cha kadibodi kwenye trei ili karatasi zisichepuke, akajaza wino mwekundu, akasema Bismillahi, akazungusha.

Ukurasa wa kwanza, Zena alimkanyaga Rehema kichwani. Mzee alilegeza skrubu moja kidogo, kiasi cha unene wa ukucha. Wa pili ukatoka, na kila neno jekundu limekaa kwenye pengo lake kama maharage kwenye ganda. Niliruka. Nilimkumbatia Mzee Salum, jambo lisilofanyika, akaniambia, "Haya, haya, mikono yako ina wino," lakini alikuwa anacheka. Tulizianika kurasa sakafuni vyumba vyote vitatu, madirisha tukayafunga kwa sababu ya upepo, na afisa wetu siku nzima alitembea kwa ncha za vidole kwenye ofisi yake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi namkuta Mzee Salum kwenye lori, amevaa kanzu.

"Safari hii nakwenda na mimi," akasema. "Nitakaa nyuma. Wakisema mashine imekosea, nitajibu. Yaliyobaki ni yako."

Mkutano ulijaa hadi njiani. Moto ulikuwa umeshawashwa pembeni, mdogo, wa adabu. Rehema alikaa chini na mama yake, kanga imefunika nusu ya uso. Mzee Kitundu alifungua mkutano, akasema heshima yake imevunjwa, akaomba madaftari. Nikaomba ruhusa ya kusema, akanipa kwa mkono.

Nilisimama mbele ya kijiji kizima na kusema kwa sauti iliyotulia, bila kutetemeka hata kidogo, kwamba kosa lilikuwa langu. Nikawaonyesha daftari la kwanza na kikaratasi. Nikasema Rehema aliandika kwa rangi mbili, ukweli wake na ubunifu wake, akanieleza wazi, na mimi ndiye niliyevichanganya, na siku ile aliponitazama nimtetee nilinyamaza. Nikamwomba radhi mwenyekiti. Nikamwomba radhi Rehema. Kisha nikagawa nakala mpya.

Mngeona vile vichwa vilivyoinama. "Hee, kweli, ni nyekundu!" Mtoto mmoja alijaribu kuifuta kwa mate. Mzee Kitundu aliishika ya kwake karibu na pua, akaikuna kwa ukucha.

"Mama Shabani," akasema, "hapo ulipokatiza siku ile. Endelea."

Mama Shabani alijikohoza. Alisoma vigingi, na safari hii akageuza ukurasa ambao Jumamosi iliyopita hakuufikia. Mwenyekiti wa Zena alihamisha vigingi, akachimba karibu na boma lake, akachimba, akachimba, akapata vumbi. Ng'ombe wake walisimama kwenye ukingo wa shimo wakimtazama. Ilibidi vigingi avirudishe alfajiri nyingine, na katika kuvirudisha akaanguka ndani ya shimo lake mwenyewe, akakaa humo hadi Zena na wanafunzi wake wa kisomo walipomtoa kwa kamba.

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Mzee Kitundu alijikaza, akatazama pembeni, mabega yakaanza kumsaliti, mwisho akacheka mpaka akavua kofia kujifutia macho. Maana pampu yake yeye ilikuwa inatoa maji, tuliisikia pale pale ikilia mkononi mwa mtu. Kila mmoja aliona wazi kwamba yule wa shimoni hakuwa huyu.

Alipotulia, akasema, "Nimekubali. Hicho chekundu ni porojo, na ni porojo nzuri. Sasa huo weusi, ambao ndio kweli, unasema nini juu yangu?"

Kicheko kilikatika. Rehema aliteremsha kanga. "Ukurasa wa tisa, mwenyekiti. Na wa kumi na tano."

Mama Shabani alifungua wa tisa, akaangalia huku na huku kama anayetafuta mtu mwingine wa kumpa, akasoma: "Mwenyekiti alisema msichana hawezi kumfundisha mzee mwenye ndevu. Nilikwenda kulia nyuma ya choo kipya."

Nilimkumbuka yule mzee wa Shelui. Choo hakikwepeki.

"Kumi na tano," mwenyekiti akasema, sauti imeshuka.

"Bibi yangu alikataa kuhama bila jiwe lake la kusagia. Vijana walisema ni zito, liachwe. Mwenyekiti alilibeba begani kutoka tembeni hadi kijijini, wala hakulitua njiani. Bibi alipika uji siku hiyo hiyo. Mimi sijawahi kumshukuru, namshukuru hapa."

Mzee Kitundu alipeleka mkono begani, akalishika bega la kushoto.

"Hili la jiwe nililisahau," akasema. "Wiki nzima nililalia upande mmoja." Watu wakaguna. "Na lile la ndevu nililisema. Hilo sikulisahau."

Akasimama. Akauliza kwa utaratibu wa mkutano: wanaotaka kitabu kichomwe wanyoshe mikono. Ulinyoshwa mmoja tu, wa shemeji yake, aliyeinua bila kusikiliza swali. Alipoona yuko peke yake akajikuna nao kichwa. Wanaotaka kisomwe chote? Mikono ikasimama kama shamba la mtama. Mwenyekiti akamgeukia Rehema, aliyekuwa amesimama sasa, machozi yanamtiririka na hajali.

"Mwalimu," akamwita, na baba yake Rehema aliinua kichwa kwa neno hilo, "Jumatatu saa kumi uniwekee nafasi mbele. Huko nyuma sioni ubao."

Tulisoma mpaka jua likaelekea kuzama. Walibadilishana, kila mmoja aya moja, wanaume wakagombea kusoma nyekundu. Kuna aliyepeleka sufuria kwenye ule moto wa kuchomea, wakapika chai. Mzee Salum alikunywa vikombe vitatu na hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu mashine, jambo ambalo nadhani lilimsikitisha kidogo.

Kitabu kilipita. Sikuweka alama hata moja. Afisa akaagiza nakala za mkoa mzima, rangi zote mbili, na tulipokuwa tukijiandaa kuchapa, Rehema alikuja tena mjini na lori la kuku, akanitafuta mezani kwangu.

"Dada, ile sentensi ya mwisho uliyoipiga kwenye stensili ya nyekundu."

"Ya Iguguno, Shelui na Manyoni? Ina kosa?"

"Haina. Ila kama kinakwenda kweli, basi siyo ya Zena tena."

Nilichukua stensili ya nyekundu na dawa yangu ya kucha, nikaifuta sentensi ile herufi kwa herufi, nikaikata upya kwenye stensili ya mweusi. Mkono wangu haujawahi kupiga k kwa furaha namna ile. Na kitabu kikasomwa Iguguno, kikasomwa Shelui, kikasomwa hadi Manyoni, na nakala moja nikaipeleka mwenyewe Kintinku kwa mama, nikamsomea, akaniuliza kama bado nanawa mikono.

Mzee Salum alistaafu miaka michache baadaye, akarudi Manyoni, na kofia yake bado nyeupe. Mashine ya kurudufu mnaijua nyie kama meza ya kuwekea birika. Sasa mnabonyeza na rangi zote zinatoka zenyewe, na sina kinyongo. Ninachowaomba ni kwamba mtu akikuletea kazi yake na kikaratasi ndani, usikisome tu, ukifuate. Na ukikosea, usitazame viatu.

Daftari hili nimeliandika kwa kalamu ya bluu. Juzi Rehema alikuja kunisalimia, mwanamke mzima sasa, mwalimu mkuu, mwenye vitabu vitatu na miwani. Nilimpa asome kabla sijawaletea. Alisoma kimya, akacheka pale pa shemeji, akafika kwenye mkutano, akasimama.

"Dada," akasema, "hapa panaposema 'bila kutetemeka hata kidogo'. Mimi nilikuwepo. Karatasi ziligonga mkononi mwako mpaka nikaogopa utaanguka."

Nikamwambia afungue droo. Akatoa kalamu nyekundu, akapiga mstari chini ya maneno yale manne. Mkipiga chapa, wanangu, rangi hiyo msiisahau.